Mbeba Kosa la Punda Milia

Kilosa kuna watu wanaoamka alfajiri kutafuta riziki, na kulikuwa na Lupakisyo, aliyeamka saa mbili kuwatafuta waliokwisha kuipata. Ofisi yake ilikuwa benchi la mwisho katika kibanda cha chakula cha Happyness, mkabala na mahakama ya wilaya, mahali ambapo mtu mwenye shida lazima apite akitoka kuisikia shida yake ikisomwa. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa bahasha ya kaki, shati jeupe lililopigwa pasi, na kalamu mbili mfukoni. Kalamu moja iliandika. Nyingine ilikuwa ya kuonekana tu.

Kazi yenyewe aliiita kusafisha rekodi. Zamani, aliwaambia madereva, ulikuwa ukifanya kosa barabarani unalipa faini, unachana risiti, na kosa linakufa hapo hapo. Siku hizi kosa lina maisha marefu kuliko gari. Jina lako linaingia kwenye mfumo, na mfumo hausinzii. Ukiomba kazi, mwajiri anataka cheti cha tabia njema. Ukikata bima, fomu inakuuliza kama umewahi kutiwa hatiani. "Kosa moja tu, kaka," alisema huku akishusha sauti, "na unamaliza uzee wako unasukuma mkokoteni." Dereva akishaanza kutokwa jasho, Lupakisyo alichukua nakala ya leseni na malipo, akapotea siku tatu, kisha akarudi na habari njema: rekodi imeshasafishwa, ila mteja asiichungulie kwa siku tisini, mfumo usije ukashtuka. Siku tisini zikiisha dereva yuko Tunduma au Kahama, na Lupakisyo yuko kwenye benchi lake anakunywa chai.

Ajabu ni kwamba leseni ya Lupakisyo mwenyewe ilikuwa safi kabisa. Miaka kumi na moja tangu aipate kule kwao Tukuyu, hakuwahi kuandikiwa hata kosa la taa. Alikuwa mwongo kwa mdomo na mwongo kwa kalamu, lakini akishika usukani alikuwa mtakatifu. Na leseni hiyo ndiyo iliyokuwa imebeba matumaini yake yote. Mama Anastazia, meneja wa kambi moja ya watalii Mikumi, alikuwa tayari kumwajiri kuanzia tarehe mosi aendeshe gari la wageni: mshahara wa kila mwezi, sare, na kofia yenye picha ya tembo. Masharti yalikuwa mawili tu. Alete cheti cha tabia njema, na jina lake lipite kwa watu wa bima, maana bima ya gari la wageni haimtaki dereva mwenye doa.

Tena kulikuwa na Happyness. Binti huyu wa Berega alikuwa na mwandiko ulionyooka na ulimi ulionyooka zaidi, na alishamwambia mbele ya wateja: "Siku utakayoniletea karatasi moja yenye jina lako la kweli, siku hiyo tafuta mshenga." Lupakisyo alimpenda sana. Alimpenda kiasi kwamba kuna siku alilipia chai.

Kwa hiyo alikuwa amejiapiza. Mteja mmoja wa mwisho, wa kumwezesha kununua suruali mbili na kulipia chumba Mikumi, kisha basi, anaokoka. Msomaji aliyewahi kumsikia mlevi akisema chupa ya mwisho anajua kiapo hicho kina uzito gani.

Mteja wa mwisho alikuja Jumanne, ndani ya pikapu Land Cruiser ya rangi ya maziwa. Lupakisyo aliiona kabla haijazimwa. Bampa lilikuwa limeingia ndani, taa moja ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kwenye wavu wa mbele palikuwa na nywele kidogo, nyeupe na nyeusi, zikipeperuka. Akashuka mzee mrefu aliyevaa shuka nyekundu na juu yake koti la suti, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine barua. Mwenye gari zuri, barua ya serikali na uso wa wasiwasi: Lupakisyo alisimama kumpisha kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo, kijana."

"Sijambo, mzee wangu. Naona gari limepata ajali."

"Gari halikupata ajali," alisema mzee. "Aliyepata ni punda milia."

Mzee huyo aliitwa Seuri, mfugaji wa huko mbugani upande wa barabara ya Mikumi, mwenye ng'ombe ambao hata yeye hakupenda waulizwe idadi. Wiki mbili nyuma alikuwa akitoka Doma kumwona mdogo wake, akipita barabara kuu ndani ya hifadhi asubuhi mapema, na kwa kuwa ndama wake walikuwa wakimsubiri alikanyaga mafuta kupita ilivyoruhusiwa. Punda milia akakatiza. Seuri akamgonga, akayumba, akaenda kukilaza chini kibao kilichoandikwa PUNGUZA MWENDO. Punda milia aliinuka, akaupiga mlango wa pikapu teke moja la hasira, akaondoka akichechemea. Seuri naye akaondoka. Kosa lake kubwa lilikuwa hapo, maana askari wa hifadhi aliyekuwa mbali kidogo aliandika namba za gari.

Barua ilisema mmiliki wa gari afike kituoni Mikumi siku ya Ijumaa, akiwa na dereva aliyekuwa akiliendesha siku hiyo, kujibu tuhuma za kuendesha kwa hatari, kumgonga mnyama, kuharibu alama ya barabarani na kuondoka eneo la tukio.

"Faini siogopi," alisema Mzee Seuri. "Faini ni fedha. Naogopa karatasi nyingine." Akatoa fomu ya bima kwenye koti. Alikuwa amenunua Fuso mbili za kubeba ng'ombe na alitaka kuzikatia bima kubwa. Alikiweka kidole kirefu kwenye swali la tisa. "Hapa wananiuliza: umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la usalama barabarani? Nikisema ndiyo, bei inapanda, au wanakataa kabisa. Nikisema hapana, nimedanganya, na siku Fuso ikiungua watasema, mzee, ulitudanganya kwenye swali la tisa, hatukulipi hata bawaba ya mlango. Na mimi sidanganyi kwenye karatasi. Uongo wa mdomo unaenda na upepo. Wa karatasi unakaa unakusubiri."

Hapa mtu mwingine angeona mzee mwadilifu na kumwacha aende zake. Lupakisyo aliona Fuso mbili. Tatizo lilikuwa kwamba dawa yake ya siku tisini haikufaa, kwani Ijumaa ilikuwa siku tatu tu mbele. Akanywa chai funda moja, na kabla halijafika tumboni wazo lilikuwa limekamilika.

"Mzee, kosa halifutwi," alisema kwa sauti ya daktari. "Anayekwambia anafuta ni tapeli. Kosa linahamishwa."

"Linahamishwa kwenda wapi?"

"Kwa mbebaji. Mtu anakubali kwa maandishi kwamba kosa ni lake, na adhabu zake ni zake. Kuanzia hapo wewe huna kosa. Swali la tisa unajibu hapana, na ni kweli mbele ya Mungu."

Happyness, aliyekuwa akikata vitunguu, aligeuka akamtazama. Lupakisyo hakuyaangalia macho hayo. Mzee Seuri alichora mstari vumbini kwa fimbo, kisha uso wake ukafunguka.

"Ni kama kulaza ng'ombe," akasema. "Mimi nina ng'ombe, nawalaza kwenye zizi la rafiki yangu. Maziwa anakunywa yeye, wakila shamba la mtu analipa yeye. Hata mvua ikiwanyeshea, inawanyeshea kwake."

"Hivyo hivyo, mzee!"

"Sisi tunafanya hivyo tangu babu zetu. Sikujua kwamba serikali nayo imejifunza."

Lupakisyo alipaswa kuogopa hapo. Mteja wa kawaida huuliza maswali kumi na kuelewa moja, na huyu alielewa yote bila kuuliza. Lakini tamaa ilishamziba masikio. Wakaafikiana. Mzee alikataa kulipa kwa simu, akisema jambo zito halitumwi hewani. Angeleta mtamba, ng'ombe jike kijana ambaye hajazaa bado, mwenye afya. Mbebaji aletwe kesho saa nne.

Mbebaji aliyekusudiwa alikuwa Bonifas, mpagazi wa zamani wa stesheni, mtu mwenye kiu isiyoisha ambaye kwa glasi tatu za pombe ya komoni angekubali kubeba hata kosa la Adamu. Mpango ulikuwa rahisi: Bonifas angepewa jina la kubuni, angesaini, Lupakisyo angeondoka na mtamba, na Ijumaa mzee akikwama kituoni, hasira zake zingemtafuta mtu asiyekuwepo duniani.

Jumatano saa nne Mzee Seuri alifika. Nyuma ya pikapu alikuwepo mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, amenenepa vizuri, akitazama mahakama bila woga wowote. Bonifas alisimamishwa mbele. Mzee akamzunguka mara mbili.

"Fungua mdomo."

Bonifas akafungua. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akakohoa, akarudi kuhesabu meno.

"Una leseni?"

"Leseni ya nini?" aliuliza Bonifas.

"Tembea mpaka mlango wa mahakama, urudi. Nikuone miguu."

Bonifas alitembea mpaka mlango wa mahakama kama alivyoagizwa. Kurudi ndiko hakurudi. Alionekana mara ya mwisho akikata kona kuelekea kilabuni.

"Huyo hafai," alisema Mzee Seuri bila hasira. "Siwezi kulaza ng'ombe kwa mtu anayeweza kufa Alhamisi. Kosa langu litarudi nyumbani peke yake usiku. Tena hana leseni. Asiyejua kuendesha atabebaje kosa la dereva? Polisi watacheka. Mimi nataka mtu mzima, mwenye afya, anayejua kusoma, mwenye leseni isiyo na doa, ili kosa likifika kwake lipate nafasi."

Akafika mwisho wa orodha yake na macho yake yakatua kwa Lupakisyo, polepole, kama ya mtu aliyepata alichokifuata mnadani.

"Wewe unayo leseni?"

Hapa ndipo majivuno yalipomponza. Leseni ile ilikuwa kitu pekee cha kweli alichomiliki, na hakuna aliyewahi kumwomba aionyeshe. Ilitoka mfukoni yenyewe.

"Miaka kumi na moja, mzee. Haina hata doa."

"Basi tumemaliza," alisema Mzee Seuri, akaanza kufungua kamba ya mtamba.

Lupakisyo aliona kamba, aliona mtamba, akapiga hesabu zake haraka. Hakuna ofisi duniani inayopokea karatasi ya kuhamisha kosa. Alijua vizuri, maana alikuwa ameibuni mwenyewe jana akinywa chai. Mtu atawezaje kuliogopa zimwi alilolichora kwa mkono wake? Angesaini, angeuza mtamba, na Ijumaa polisi wangemfukuza mzee na karatasi yake. Yeye angekuwa Mikumi amevaa kofia ya tembo.

"Sawa, mzee. Kwa heshima yako, nitalibeba mimi."

"Andika, binti," mzee akamwambia Happyness. "Mwandiko wako nimeuona kwenye ubao wa vyakula. Unasomeka."

"Niandike jina gani?" aliuliza Happyness, macho kwa Lupakisyo.

"Andika Cornel..."

"Jina la uongo siandiki. Mwalimu wangu Berega alikuwa anatuchapa kwa herufi iliyopinda, sembuse jina zima."

Basi akaandika, polepole, kwa wino wa bluu: Mimi, Lupakisyo Mwakalobo, mwenye leseni iliyoambatanishwa hapa, nakiri kwamba kosa la kuendesha kwa hatari, kumgonga punda milia, kulaza kibao na kuondoka, lililotokea katika hifadhi tarehe iliyotajwa kwenye barua, ni langu mimi na si la mtu mwingine, pamoja na adhabu zake zote. Malipo yangu nimepokea. Lupakisyo akasaini kwa madaha. Mzee Seuri akaitazama sahihi, akatikisa kichwa, akaomba wino wa muhuri kwa mwenye duka la vifaa vya ofisi jirani.

"Sahihi ni mchoro," akasema. "Kidole ndicho mtu."

Lupakisyo akabonyeza dole gumba. Mwisho mzee akatoa simu yake kubwa kutoka ndani ya shuka, akampiga picha akiwa ameshika karatasi mkono huu na kamba ya mtamba mkono huu, anatabasamu. Picha ilitoka nzuri sana, tabasamu lilikuwa la kweli.

Jioni hiyo hiyo mtamba aliuzwa kwa bwana mmoja wa buchani. Alhamisi asubuhi Happyness alinunua nyama huko, kama siku zote, na Lupakisyo akanywa supu bakuli mbili na limau. Ijumaa akasikia kwamba Mzee Seuri ameenda Mikumi na kurudi, hakuja kudai chochote. Lupakisyo hakujiuliza kwa nini. Alikuwa akipiga pasi suruali.

Jumatatu aliteremka Mikumi. Alinyoa, alijipulizia manukato, na kabla ya kwenda kambini akaingia kituoni kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema. Naam, aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akasalimia, akataja jina lake lote kwa sauti ya kusikika.

Sajini Vaileth, mama wa makamo mwenye miwani, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Lupakisyo Mwakalobo? Karibu sana, baba. Tulikuwa tunapanga kukufuata Kilosa, umetuokolea mafuta."

"Kwa ajili ya cheti, afande?"

"Kwa ajili ya punda milia."

Karatasi ya Happyness ikawekwa mezani, imepigwa muhuri wa kupokelewa, na namba ya jalada juu yake. Pembeni yake ilikuwa picha, kubwa, ya rangi. Sajini alimchukua alama za vidole vyake vyote kumi, kwa kuwa ndicho alichokuja kufanya, kisha akaliweka dole gumba jipya kando ya lile la zamani.

"Mapacha hawa," akasema.

"Afande, ile karatasi si ya kweli! Ilikuwa... ni utaratibu tu. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha!"

"Mzee ameandika maelezo hapa. Sikiliza: 'Kosa hili si langu, ni la Lupakisyo. Ameandika mwenyewe, amebonyeza kidole, na malipo yake amepokea.' Nikamuuliza malipo gani, akasema mtamba. Nikaelewa wewe ni dereva wake, na mfugaji analipa kwa mali aliyonayo." Sajini akavua miwani. "Sasa kama hukuwa dereva wake, baba, mtamba huyu ulipewa wa nini?"

Ndugu msomaji, tupige hesabu pamoja na Lupakisyo. Mtamba alipewa wa nini? Akisema ukweli, amekiri kujipatia mali kwa udanganyifu, na pengine Sajini angetaka kujua wateja wengine walikuwa akina nani, na jalada lingenenepa kuliko mtamba mwenyewe. Akinyamaza, yeye ni dereva aliyemgonga punda milia. Kulikuwa na milango miwili tu, na ule wa rekodi safi, aliyoilinda miaka kumi na moja, haukuwemo. Aliumia. Aliumia kweli, pale kwenye kiti cha mbao, na hakuwa na wa kumlaumu.

"Subiri basi," alisema Sajini akifungua droo, "nibadilishe fomu. Hii ya udanganyifu ni ndefu kidogo."

"Usibadilishe fomu, afande," alisema Lupakisyo kwa sauti ndogo. "Ulikuwa mshahara."

"Haya. Nieleze ilivyokuwa."

Na hapo, kwa bahati mbaya, kipaji chake kikamzidi nguvu. Hakuwahi kuliona tukio, ikabidi alibuni, na Lupakisyo akianza kubuni hajui kusimama. Alieleza ukungu ulivyotanda. Alieleza punda milia alivyotokea kushoto, hapana, kulia, wakiwa watatu, na yeye akimkwepa wa kwanza na wa pili kwa ufundi mkubwa.

"Mwendo gani?"

"Gari lile linachanganya, afande. Mia na thelathini hivi."

"Mia na thelathini," aliandika Sajini.

"Na ningemkwepa hata wa tatu, ila nilikuwa na simu sikioni."

"Simu pia," alisema Sajini, akageuza ukurasa.

Mahakamani alikiri kila kitu, hata yale aliyoyaongeza mwenyewe. Alitozwa faini iliyokomba pesa ya mtamba na ya suruali, leseni ikafungiwa miezi kumi na miwili, na jina lake likaingia kwenye mfumo, ule ule aliokuwa akiwatishia watu. Alipompigia Mama Anastazia, aligundua habari zimemtangulia.

"Watu wa bima wamenijibu, mwanangu," alisema yule mama kwa huruma. "Wanasema dereva niliyempendekeza anagonga wanyama. Na wageni wangu wanakuja kuwatazama wakiwa wamesimama."

Lupakisyo alipanda bodaboda mpaka nyumbani kwa Mzee Seuri. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, mbele yake ndama, nyuma yake Fuso mbili zenye stika mpya za bima kwenye vioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mpeni mgeni maziwa."

"Sikuja kunywa maziwa. Nakuomba ulichukue kosa lako. Nenda kwa Sajini umwambie dereva ulikuwa wewe."

Mzee Seuri aliwaza kwa makini, kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka sana kusaidia.

"Inawezekana," akasema. "Hata ng'ombe aliyelazwa anarudishwa. Mimi nachukua kosa, wewe unarudisha mtamba."

"Nitakulipa fedha yake, kidogo kidogo."

"Sikukupa fedha. Nilikupa mtamba mweusi, baka jeupe hapa. Yuko wapi?"

"Niliuza buchani."

"Na buchani akaenda wapi?"

Lupakisyo alitazama chini. "Nyama nyingine ilikuja kwa Happyness."

"Na wewe?"

"Nilikunywa supu," alikiri, na kwa mara ya kwanza maishani alikiri jambo bila kuongeza chumvi. "Bakuli mbili."

"Ah!" Mzee Seuri alishika magoti yake kwa masikitiko. "Basi limeingia mwilini. Hapo hata mimi sina uwezo, kijana wangu. Hata hao wa mfumo hawana."

Lupakisyo alimkodolea macho. Alitafuta kwenye uso ule mrefu alama moja tu, kope iliyotikisika, pembe ya mdomo iliyopinda, imwambie kama aliyemwingiza mjini alikuwa mjinga kuliko wote Kilosa au mjanja kuliko wote. Uso ulikuwa umetulia kabisa.

"Swali la tisa ulijibuje, mzee?"

"Hapana," alisema Mzee Seuri. "Na ni kweli mbele ya Mungu, kama ulivyosema. Kunywa maziwa. Yule punda milia nilimwona Jumapili nikipita, mzima, anakula majani. Alinitazama vibaya kidogo."

Leo ukifika Kilosa, ukikaa katika kibanda cha Happyness mkabala na mahakama, utamkuta Lupakisyo nyuma, aproni kiunoni, mikono kwenye beseni la povu. Kuosha sahani hakuhitaji leseni wala cheti. Karatasi yenyewe, nakala yake, Happyness ameibandika ukutani juu ya jiko. Alipoulizwa kwa nini, alicheka akasema ni karatasi ya kwanza aliyowahi kuiona yenye jina la kweli la Lupakisyo, japo kila neno lililofuata ni uongo. Mshenga hajakataliwa. Ameambiwa asubiri miezi kumi na miwili, kama leseni.

Wiki iliyopita Lupakisyo alikuwa akisuuza vikombe alipoona mtu amekalia benchi la mwisho. Shati jeupe la kuazima, bahasha ya kaki mapajani, kalamu mbili mfukoni, zile zile ambazo Lupakisyo aliziacha kibandani. Alikuwa Bonifas, amenyoa, hajanywa kitu tangu asubuhi.

"Kaka," alinong'ona Bonifas akimwegemea, kana kwamba hawakuwahi kujuana. "Nimesikia una shida kwenye mfumo. Usihofu. Nina mtu wangu ndani. Siku tatu tu rekodi inang'aa, ila usiichungulie kwa siku tisini, mfumo usije ukashtuka."

Lupakisyo alilijua kila neno, maana kila neno lilikuwa lake, hata ule mnong'ono na pale pa kushusha sauti. Alijua hakuna mtu ndani. Alijua hakuna siku tatu. Alitazama kulia, Happyness alikuwa sokoni. Alitazama ukutani, karatasi ilikuwa pale pale. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Bei gani?" akauliza.

Bonifas akatoa kalamu, tayari kuandika. Ilikuwa ile isiyoandika.